Mtoto Anauliza "Utanipa Ngapi?": Je, Huo Ndio Ujasiriamali?

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Tangu mwaka uanze, baba yake humlipa kwa kila kazi ya nyumbani: kuosha vyombo, kufagia, hata kutandika kitanda chake mwenyewe. Anasema matajiri wakubwa walianza hivyo, na mtoto lazima ajue mapema kwamba pesa hutoka kwenye kazi. Mwanzoni mtoto alichangamka sana. Sasa nikimwomba aniletee glasi ya maji ananiuliza, 'Utanipa ngapi?' Wakati huohuo ameanzisha biashara yake: anachora kadi za rangi na kuwauzia wenzake shuleni. Anarudi na sarafu, anajivunia, ila karatasi na kalamu za rangi namnunulia mimi. Wiki iliyopita alimpa rafiki yake kadi sita kwa mkopo, rafiki hajalipa, na mwanangu alilia mpaka usingizi ukamchukua. Mama mkwe wangu anasema tunamfundisha kupenda pesa. Baba yake anasema nisiingilie, aachwe ajifunze. Nimebaki katikati. Nimwache, nimzuie, au nimwongoze vipi? Na huyo rafiki asiyelipa, nimpigie mama yake simu?"*

Mama, swali lako limebeba mambo mawili yanayofanana kwa nje, kwa sababu yote yanaishia na sarafu mkononi mwa mtoto. La kwanza ni malipo ya kazi za nyumbani. La pili ni biashara ya kadi. Ukiyatenganisha, sehemu kubwa ya wasiwasi wako itapungua, na nadhani hata ubishi kati yako na baba yake utapata pa kutulia, maana kila mmoja wenu, bibi wa mtoto akiwemo, ameshika kipande cha ukweli.

Nianze na kazi za nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Mtoto anapoosha vyombo akalipwa na baba, kuna nini hapo? Kuna mtu mmoja anayetoa kazi, kuna bei aliyoipanga yeye, na kuna malipo ya uhakika kazi ikiisha. Mtoto hakumtafuta mteja. Hakujiuliza nani anahitaji nini. Hakutoa hata sarafu moja yake kabla ya kupata. Akiosha vibaya, hakuna anayeacha kununua kwake. Hiyo ni ajira, na ajira ni jambo jema na la heshima, lakini baba alikusudia kumfundisha ujasiriamali, na somo hilo halimo kwenye beseni la vyombo. Limo kwenye zile kadi, ambazo mtoto alizianzisha mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nakuomba umwambie baba yake hilo kwa furaha, kwa sababu anachokitafuta tayari kimo ndani ya nyumba.

Kuhusu matajiri wakubwa, ni kweli wapo walioanza kuuza wakiwa wadogo. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliuza chingamu na chupa za Coca-Cola nyumba kwa nyumba akiwa mtoto, na alinunua hisa zake za kwanza akiwa na miaka 11. Ingvar Kamprad wa Sweden aliuzia majirani viberiti alivyonunua kwa jumla kutoka Stockholm, kisha mwaka 1943, akiwa na miaka 17, akaanzisha IKEA, ambayo leo ni kampuni kubwa ya samani. Tazama vizuri walichokifanya: walinunua kwa bei moja na kuuza kwa bei nyingine, kwa watu ambao wangeweza kusema hapana. Sifa zao hazikutokana na kutandika vitanda. Tena tukumbuke kwamba hadithi zinazotufikia ni za waliofanikiwa tu. Watoto wengi waliuza vitu vidogovidogo shuleni, wakakua wakawa walimu, wauguzi, mafundi, na hakuna aliyeandika habari za sarafu zao. Mtu akikuahidi kwamba mtoto anayeuza akiwa na miaka 8 atakuwa tajiri, anakuahidi kitu asichokuwa nacho. Faida ya masomo haya ni ndogo na ya karibu zaidi, na kwangu ndiyo yenye thamani: mtoto anajua kupanga, kusubiri, kuahidi na kutimiza, na kuumia kidogo bila kuvunjika.

Sasa hiyo glasi ya maji. Najua ilikuuma, maana mama hategemei kupigiwa hesabu na mwanawe. Lakini mtoto wako hajawa mchoyo. Amejifunza kwa usahihi kabisa kile alichofundishwa: kwamba katika nyumba hii, kumfanyia mtu jambo ni kitu chenye bei. Mtoto wa umri huu hajui kwamba sheria inahusu vyombo lakini haihusu maji. Kwake sheria ni moja, na wewe ndiye uliyesahau kutaja kiasi.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa shule ya awali ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti kizuri likichora. La pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila zawadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walizichezea kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kuchora, ambako kulikuwa mchezo, kulikuwa kumegeuka kazi ya kulipwa, na mlipaji hayupo.

Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa watoto wadogo zaidi, wa miezi 20 hivi. Watoto wa umri huo humsaidia mtu mzima aliyeangusha kitu hata bila kuombwa kwa maneno. Waliokuwa wakipewa kitu kila waliposaidia, baadaye walisaidia kwa nadra kuliko waliosifiwa au ambao hawakupewa chochote. Hamu ya kusaidia ilikuwepo kabla ya malipo, na malipo ndiyo yaliyoipunguza.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu matokeo haya hutajwa kupita kiasi. Hayasemi kwamba kila zawadi ni sumu. Wale waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Na kuosha vyombo hakufanani na kuchora, kwani ni watoto wachache wanaopenda vyombo kiasi kwamba kuna hamu ya kuharibu. Kwenye kazi za nyumbani hatari iko kwingine: ukiweka bei, umempa mtu haki ya kukataa. Mfanyakazi anaweza kusema, "Leo sitaki hiyo pesa, asante." Siku mwanao atakapokuwa na sarafu za kutosha kutokana na kadi zake, atakuambia vyombo vikae, na kwa sheria mliyomwekea atakuwa na haki.

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliliona hilo kwa watu wazima, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000. Vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, viliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao. Uchelewaji ukaongezeka. Mzazi aliyekuwa akiona aibu kumweka mlezi hadi jioni sasa aliona amenunua huo muda. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudi walivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana nakushauri mlirekebishe hili mapema, kabla bei haijaota mizizi.

Mtarekebishaje bila mtoto kuona amenyang'anywa? Msikate malipo kimyakimya. Mwiteni wote wawili, mlipeni kila anachodai hadi siku hiyo, kisha baba, kwa kuwa ndiye aliyeanza, amweleze utaratibu mpya. Kuna kazi za mtu mwenyewe, kama kutandika kitanda chake na kupanga vitabu vyake. Hizo hazilipwi kwa sababu kitanda ni chake. Kuna kazi za wote, kama vyombo, kufagia na kumpelekea mtu maji. Hazilipwi kwa sababu wote tunakula, wote tunachafua, na mama na baba nao hawalipwi. Halafu kuna kazi za ziada, zile ambazo pengine mngemlipa mtu wa nje kuzifanya, na ambazo mtoto wa umri wake anaziweza bila kuumia. Hizo mnaweza kumpa akitaka, kwa bei mnayokubaliana kabla. Na hapo mruhusuni abishane bei. Mtoto anayejifunza kusema, "Kazi hii ni kubwa kuliko ile ya juzi, naomba zaidi," na akatoa sababu, anajifunza jambo atakalolihitaji maisha yake yote.

Atalalamika. Siku chache za kwanza ataosha vyombo kwa uso wa kununa, na pengine atajaribu kuona kama mnamaanisha. Vumilieni bila kuhubiri. Sifa ya kweli inasaidia, mradi itaje jambo lenyewe: "Leo umeosha hata sufuria iliyokuwa imeungua," ina uzito kuliko "mtoto mzuri."

Kuna suala la pesa za matumizi za kila wiki, ambazo hukuziuliza lakini zitakuja tu, kwa sababu ukiondoa malipo ya vyombo mtoto atabaki bila kitu cha kupangia. Wataalamu hatukubaliani wote hapa. Wapo wazazi wanaozifungamanisha na kazi na watoto wao wakakua vizuri, na wapo wasiotoa kabisa na watoto wao wakakua vizuri vilevile. Mimi naegemea upande wa kumpa kiasi kidogo, siku ileile kila wiki, kisichohusiana na kazi wala tabia. Lengo ni awe na pesa za kukosea nazo. Akizimaliza siku ya kwanza, usimwongezee hadi siku yake ifike. Na kama bajeti ya nyumba hairuhusu, usijilaumu. Mpe pesa ya kununua kitu kimoja mnachokihitaji nyumbani, achague mwenyewe, alete chenji na maelezo. Somo ni lilelile.

Kilicho muhimu kuliko kiasi ni ahadi. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walichapisha jaribio dogo lenye funzo kubwa. Watoto wa miaka 3 hadi 5 waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea wakisubiri kidogo. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Baadaye wote waliwekewa peremende moja na kuambiwa wakiiacha watapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3 tu. Kwa hiyo tunapomwona mtoto hana subira na pesa, tujiulize kwanza kama amewahi kufaidika na kusubiri. Baba anayemwambia "nitakulipa kesho" kisha akasahau anamfundisha mtoto kwamba cha leo ndicho cha kuaminika, na hiyo ndiyo tabia inayomaliza akiba.

Sasa tuje kwenye kadi, ambako moyo wangu uko.

Wengi hudhani mtoto akiuza na kurudi na pesa ameelewa biashara. Hajaelewa bado, na si kosa lake. Mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha mwaka 1979 utafiti wake na watoto wa Glasgow, Uskoti, akiwauliza na kuigiza nao duka. Wengi hawakuunganisha bei ya kununulia na bei ya kuuzia mpaka walipokaribia miaka 10 au 11. Kabla ya hapo duka kwao ni mahali ambapo vitu vipo tu. Wengine waliona mwenye duka analipa bei ileile anayouzia, na hawakuona tatizo lolote. Mwanao wa miaka 8 yuko hapohapo. Karatasi kwake hutoka kwa mama, sarafu hutoka kwa wenzake, na zote zikiingia mfukoni anaziita faida. Usimwite mjanja wala usimkemee kwamba anakunyonya. Mfungulie daftari.

Nikuonyeshe hesabu, kwa namba za kubuni ambazo utaziweka sawa na zenu. Tuseme pakiti ya karatasi ngumu ni sarafu 40, na seti ya kalamu za rangi ni 80. Pakiti moja imetoa kadi 24, kila kadi anauza sarafu 4. Zikiuzwa zote ni sarafu 96, na mtoto anaamini amepata 96. Kaeni mezani jioni, wewe na yeye, mmwage sarafu zote. Mwambie: "Karatasi zimekwisha. Kesho tunahitaji pakiti nyingine. Itatoka wapi?" Mpe nafasi afikirie. Kisha mtenge fungu la 40. Hili pekee, kwa mtoto wa miaka 8, ni somo zito la kutosha: kuna sarafu zilizo mkononi mwake ambazo si za kutumia, kwa sababu ni za kadi zijazo.

Akizoea hilo, mlete kwenye kalamu. Hizo hazijaisha, bado zina wino. Kama seti moja inachora pakiti nne, basi kila pakiti imekula sarafu 20 za kalamu. Tengeni fungu lingine la 20. Sasa gharama ni 60, na katika zile 96 zimebaki 36. Hizo ndizo zake. Uso utaanguka kidogo, kutoka 96 hadi 36, na ni sawa uanguke. Usiharakishe kumfariji kwa kumwongezea. Baada ya muda mfupi watoto wengi huanza kuuliza wenyewe maswali mazuri: nikichora kadi ndogo, pakiti itatoa ngapi? Nikiuza kwa 5, wataendelea kununua? Swali la aina hiyo likitoka kinywani mwake bila wewe kumwekea, ujasiriamali umeanza.

Kwa hiyo usiache kununua karatasi kwa ghafla, na usimgeuzie zile ulizokwisha kumnunulia ziwe deni. Ziite mtaji uliompa wa kuanzia, mshukuru Mungu umeweza, na mwambie kuanzia pakiti ijayo ananunua mwenyewe kutoka kwenye fungu la karatasi. Kuna wazazi wanaopenda kumkopesha mtoto ili ajifunze madeni. Kwa umri huu sikushauri. Mtoto anayedaiwa na mama yake anaishi na mkopeshaji chumba cha pili, na akishindwa kulipa hana pa kwenda.

Jambo jingine ambalo familia hufanya kwa upendo na likaharibu somo: kadi zikibaki, msizinunue nyinyi. Wala msiwapigie shangazi na wajomba wazinunue kwa huruma. Kadi isiyonunuliwa inamwambia mtoto kitu ambacho maneno yako hayawezi kumwambia. Muulize tu, "Nani amerudi kununua mara ya pili? Alichagua ipi?" Mteja anayerudi ni mwalimu mzuri. Mtoto akigundua kwamba kadi zenye majina ya wenzake huisha kwanza na zile alizozipenda yeye hubaki, amegundua kwamba biashara huanzia kwenye hitaji la mwingine. Hilo, mama, ndilo jibu lako kwa bibi yake. Mtoto anayemtazama mwenzake na kujiuliza "angependa nini?" hafundishwi kupenda pesa. Anafundishwa kuona watu.

Lakini bibi ana haki yake. Ameona adabu ya mtoto imebadilika, na macho yake hayakumdanganya. Mpe heshima hiyo, mweleze kwamba malipo ya vyombo na maji yamekwisha, na pengine mwombe awe mtu wa kusikiliza hesabu za daftari kila wiki. Mtoto hueleza vizuri zaidi kwa mtu asiyejua.

Baba naye anaposema usiingilie, ana nusu ya haki. Msimwokoe kwenye hasara ndogo. Hata hivyo kuna mambo ambayo ni ya mtu mzima na hayaachwi kwa mtoto. Mwalimu wa darasa ajue na akubali. Shule nyingi haziruhusu kuuziana darasani, na zina sababu, maana kuna mtoto asiye na sarafu anayebaki kutazama. Kama hairuhusiwi, auze nje ya shule kwa watu mnaowafahamu, nanyi mkiwepo. Asigonge milango ya watu peke yake. Asiuze wala kujitangaza kwenye intaneti, na picha yake isitumike kuvutia wateja. Masomo, usingizi na mchezo vitangulie; siku anazochoka kuchora, asichore, hata kama kuna oda. Akikataa oda kwa adabu na mapema, hilo pia amejifunza.

Pia pesa yake isiingie kwenye bajeti ya nyumba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 32, unamlinda mtoto dhidi ya kazi inayohatarisha afya au masomo yake, na Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15 kwa kawaida, na 13 kwa kazi nyepesi, huku nchi zenye uchumi mdogo zikiruhusiwa kuanzia 14 na 12. Kadi zenu haziko huko. Nataja hili kwa sababu mpaka kati ya mchezo wenye mafunzo na mzigo huvukwa taratibu: mtoto anaanza kwa hiari, kisha mtu anamwambia "leo umeuza ngapi?" kwa sauti ya kudai. Akiogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, mpaka umeshavukwa.

Kuna dalili ambazo maandishi yangu hayatoshi, na ningependa umwone mtu ana kwa ana. Akianza kuchukua pesa au vitu vya wengine ili auze, na ikaendelea baada ya kuzungumza naye kwa utulivu. Akidanganya kuhusu pesa mara kwa mara, au ukiona ana pesa asizoweza kueleza zilikotoka. Hapo uliza haraka na bila ukali, kwa sababu wakati mwingine kuna mtu mkubwa nyuma yake anayempa. Akiwa na hofu kubwa ya pesa, akihesabu sarafu usiku, akikataa kula au kununua anachohitaji ili zisipungue. Akiacha kulala, akikataa shule, au akilia kwa wiki kadhaa. Anza na mwalimu wake au mshauri wa wanafunzi, kisha mwanasaikolojia wa watoto au daktari wake. Kulia usiku mmoja kwa kadi sita hakumo kwenye orodha hii. Huko ni kulia kwa mtoto aliyeumia, na ana sababu.

Na sababu yenyewe sasa unaweza kuiona kwenye hesabu. Kadi sita ni sarafu 24. Katika ile faida ya 36, rafiki ameondoka na theluthi mbili. Mwanao huenda hakuijua hesabu hiyo, lakini aliona fungu limepungua, na zaidi ya hapo aliona kwamba rafiki aliyemwamini anamkwepa. Anza na hilo la pili. Muulize kilichotokea, asimulie chote, na usimwambie "ndiyo biashara ilivyo." Kisha, siku nyingine, kwenye daftari, ongelea sarafu.

Mama wa rafiki usimpigie simu kwa sasa. Yule naye ni mtoto, pengine hana pesa zake kabisa na alichukua kadi kwa sababu alizipenda. Simu ya mzazi kwa mzazi itaufanya mkopo wa watoto kuwa kesi ya familia mbili, na mwanao atapoteza rafiki na nafasi ya kujaribu. Mpe njia tatu achague: kumkumbusha faraghani, si mbele ya darasa, kukubali kitu kingine badala ya sarafu, kwa mfano rafiki arudishe kadi ambazo hazijaharibika, au kusamehe. Mfanyieni mazoezi ya maneno nyumbani, wewe ukiwa rafiki: "Bado una kadi zangu sita. Unaweza kulipa lini, au utanirudishia?" Mtoto wa miaka 8 hushindwa mara nyingi kwa kukosa sentensi ya kuanzia.

Vyovyote atakavyochagua, muulize atafanya nini mwingine akiomba mkopo. Atatunga sheria yake: hakuna mkopo, au mkopo wa kadi moja tu. Iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mwandiko wake, hata kama wewe ungetunga nyingine. Simu kwa mama wa pili ipige tu kukiwa na vitisho, kunyang'anyana, au kiasi kikubwa kuliko watoto wanavyopaswa kushika; na ukipiga, ongea kama mzazi anayeshirikiana na mwenzake kuwalea wote wawili, bila kudai malipo ya zile kadi.